KABLA ULIMI HAUJAFUNGWA: Tupange mambo ya wazee wetu na watoto wenye ulemavu

 

Ndugu msomaji, wiki chache zilizopita, baada ya sala ya Isha, mama mmoja mjane alimsubiri Imamu wetu nje ya msikiti akiwa amemshika mkono kijana wake. Kijana yule ana umri wa miaka 30 hivi, lakini akili yake ni ya mtoto mdogo. Hajui fedha, hajui kuuza wala kununua. Mama yake ndiye anayemwogesha na kumlisha mpaka leo.

Mume wa mama huyu alipatwa na kiharusi, akalala kitandani miaka miwili bila kuweza kusema wala kutia sahihi. Kiinua mgongo chake kilikuwa benki. Watoto walipokwenda benki waliambiwa mwenye akaunti aje mwenyewe. Mwenyewe hawezi kuja! Wakarudi na hati ya uwakilishi iliyotiwa dole gumba la mgonjwa asiyejitambua, ikakataliwa. Mzee akauguzwa kwa madeni ilhali mali anayo. Alipofariki, mirathi ilifunguliwa, ikagawanywa, na fungu la yule kijana likatengwa kama sheria inavyotaka. Swali la mama lilikuwa moja tu: "Sheikh, fungu la mwanangu ashike nani?" Ami za kijana wanasema wao ndio mawalii. Kaka zake wanasema wao. Mama mlezi hayumo katika hesabu ya yeyote.

Imamu akamuuliza kama marehemu aliacha wasia. Mama akajibu: "Hakuacha. Kila nikimwambia alikuwa akisema ataandika akizeeka."

Katika makala hii tutajitahidi, kwa uwezo wa Allah, kueleza jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii. Tumezoea kugawa maisha mafungu mawili: uhai, ambapo mtu anajisimamia mwenyewe, na mauti, ambapo mirathi inachukua nafasi yake. Tunasahau kwamba kati ya hayo mawili lipo fungu la tatu. Mtu yu hai, anapumua, lakini ulimi umefungwa au akili imeondoka. Wasia bado haujaanza kufanya kazi kwa sababu hajafa. Uwakili aliotoa umekwisha kwa sababu hana akili. Hapo ndipo mali za Waislamu wengi zinapopotea na familia zinapogombana.

QUR'AN IMELITAJA JAMBO HILI

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an ni aya ya deni, Suratul Baqara aya ya 282. Wengi tunaijua kwa amri yake ya kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Lakini tuitazame vizuri. Ndani yake Allah (SW) amemtaja mdaiwa ambaye ni safihi, au dhaifu, au asiyeweza kuyatamka maneno ya kuandikwa. Huyo, aya inaelekeza, walii wake atamke kwa niaba yake, na atamke kwa uadilifu. Kumbe zaidi ya miaka 1,400 iliyopita Qur'an ilikwishawaona watu wa aina hii, ikawapatia msemaji, na ikamwekea msemaji huyo sharti la uadilifu.

Katika Suratun Nisaa aya ya 5 tunakatazwa kuwakabidhi mali wale wasioweza kuiangalia, na papo hapo tunaamrishwa tuwalishe na kuwavisha kutokana na mali hiyo na tuseme nao maneno mazuri. Aya ya 6 inaendelea kwa kuwahusu mayatima: wajaribiwe, wakionekana na busara wakabidhiwe mali zao, na wakati wa kukabidhi wawepo mashahidi. Mlezi tajiri ajizuie kula humo, na mlezi fukara ale kwa kiasi kinachokubalika.

Tukiziunganisha aya hizi tunapata misingi minne. Asiyeweza kujisimamia awe na walii. Mali ibaki kuwa yake, si ya walii. Matumizi yake yatoke humo. Na hesabu iwe na mashahidi. Misingi hii minne ndiyo ambayo mwenye mali anatakiwa aipange mapema, kwa kalamu yake mwenyewe.

ULEMAVU SI WA AINA MOJA

Kabla ya kwenda mbali hatuna budi kuondoa kosa moja kubwa lililomo katika jamii yetu. Kuna watu wakisikia neno "mlemavu" huona wote ni wa kusimamiwa. Kipofu anasimamiwa, kiziwi anasimamiwa, aliyekatika miguu anasimamiwa. Hii ni dhulma! Kumzuia mtu asitumie mali yake, ambako katika fiqhi huitwa hajri, kunatokana na upungufu wa akili, utoto, au ubadhirifu. Macho, masikio na miguu si sababu.

Abdullah bin Ummi Maktum (RA) alikuwa kipofu. Kwa ajili yake ziliteremshwa aya za mwanzo za Surat Abasa. Alikuwa mwadhini wa Mtume (SAW), na Mtume alipokuwa akitoka Madina alimwacha kuwa kaimu wake zaidi ya mara moja. Kama kipofu aliachiwa mji, itakuwaje leo dada yetu kiziwi anyimwe hati ya kiwanja chake mwenyewe kwa hoja kwamba "hawezi"?

Na ifahamike wazi: ulemavu wa aina yoyote haumpunguzii mtu fungu lake la mirathi hata senti moja. Mtoto mwenye ulemavu wa akili anarithi sawasawa na ndugu yake aliyesoma chuo kikuu. Tofauti ni kwamba fungu lake litashikwa na mwingine kwa ajili yake. Kisheria nako, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inayokataza ubaguzi dhidi yao.

UWAKILI UNAKWISHA AKILI INAPOONDOKA

Watu wengi hudhani kwamba wakishaandika hati ya uwakilishi kwa mwanasheria, wakamteua mtoto mkubwa, basi wamemaliza kazi. Hati hiyo ni nzuri na tunahimiza iandikwe. Inamsaidia mzee mwenye akili timamu lakini aliye dhaifu wa mwili, asiyeweza kwenda benki, ofisi ya ardhi au ofisi ya mfuko wa pensheni. Lakini ina mpaka wake.

Wanazuoni wa fiqhi wamesema uwakili unavunjika kwa kufa au kupoteza akili kwa yule aliyewakilisha. Sheria ya Mikataba ya Tanzania nayo, kama ile ya India ilikotoholewa, inasema vivyo hivyo: uwakala unakoma mwenye mali anapofariki au anapopoteza akili. Maana yake ni kwamba hati inakufa wakati ule ule inapohitajika zaidi! Mtoto anayeendelea kuitumia baada ya baba kupoteza fahamu, hata kama nia yake ni njema, hana tena mamlaka. Na hati iliyotiwa dole gumba la mtu asiyejitambua si hati kabisa. Huko ni kumshika mgonjwa mkono na kuutumia kama muhuri.

Basi njia ni ipi? Mtu akishapoteza akili, njia ya kisheria ni kwenda mahakamani, kwa ushahidi wa daktari, kuomba ateuliwe msimamizi wa mali zake. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inatoa nafasi ya jambo hilo kwa upande wa Bara. Kwa upande wa fiqhi pia, kadhi ndiye walii wa asiyekuwa na walii. Njia hii ipo, lakini inahitaji muda, fedha na maelewano ya familia, vitu ambavyo siku ya ugonjwa huwa adimu.

Ndiyo maana mwenye busara hujiandaa mapema. Aandike na kusaini, akiwa mzima na mbele ya mashahidi, waraka unaosema: nikipoteza akili au fahamu, ninapendekeza fulani aombe kusimamia mali zangu, na fulani amkague. Waraka huu hauifungi mahakama, lakini unaipa mwongozo na unazima ugomvi wa watoto. Pia anaweza kuwa na akaunti ya pamoja na mke au mtoto mwaminifu, ambayo mmoja wao peke yake anaweza kutoa fedha za matibabu.

Lakini hapa tunatahadharisha. Jina la mtoto kuwemo katika akaunti ya baba halimaanishi kwamba amepewa nusu ya fedha. Mara ngapi tumeshuhudia baba amefariki, na mtoto aliyewekwa kwa ajili ya kutoa fedha za dawa anadai akaunti yote ni yake! Baba aandike mstari mmoja tu: fedha hizi ni zangu, jina la mwanangu limewekwa kwa ajili ya huduma. Mstari huo utamwokoa mtoto wake na Moto na utawaokoa warithi na dhulma.

MILANGO MINNE KWA MTOTO ASIYEJIWEZA

Tukirejea kwa yule mama na kijana wake, hebu tujiulize: baba yake angeweza kufanya nini? Sheria ya Kiislamu ilimwachia milango minne.

Mlango wa kwanza ni kuteua wasii. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, uwalii wa mali ya mtoto, na wa aliyebaleghe akiwa hana akili, ni wa baba, kisha babu mzaa baba, kisha yule aliyeteuliwa kwa wasia, kisha kadhi. Ami hayumo. Kaka hayumo. Mama naye, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo, hana uwalii wa mali kwa umama wake peke yake. Lakini sikilizeni vizuri: mume akimteua mama kwa wasia, anakuwa wasii kamili, na wanazuoni wa Kishafii wamesema mama mwenye kutimiza masharti ni bora kuteuliwa kuliko mwingine. Kwa hiyo ugomvi wote wa familia ile ungemalizwa na sentensi moja iliyoandikwa: "Nimemteua mke wangu kuwa wasii wa mali ya mwanetu, na fulani awe mkaguzi wake." Basi! Sentensi moja.

Mlango wa pili ni hiba, yaani zawadi ya uhai. Hadithi ya Nu'man bin Bashir (RA) ni mashuhuri. Baba yake alimpa zawadi peke yake, akaenda kumshuhudisha Mtume (SAW), naye akamuuliza kama watoto wote wamepewa mfano wake. Alipojibu hapana, Mtume hakukubali kushuhudia. Kwa hiyo asili ni usawa baina ya watoto. Hata hivyo Ibn Qudama, mwanachuoni wa Kihanbali, ameeleza katika al-Mughni kwamba kumzidishia mtoto kwa sababu maalumu kama maradhi ya kudumu, upofu au wingi wa wategemezi ni jambo ambalo katika madhehebu yao imepokewa ruhusa yake. Na wanazuoni wa Kishafii wanaoichukia tofauti baina ya watoto wanazungumzia ile isiyokuwa na sababu ya maana.

Ila hiba ina masharti. Lazima ikabidhiwe. Nyumba inayosemwa ni ya mtoto huku kodi yake inaingia mfukoni mwa baba kama kawaida italeta kesi. Kwa mtoto asiye na akili, baba mwenyewe ndiye hupokea kwa niaba yake, basi aandike na ashuhudishe, na kodi iende katika matumizi ya mtoto. Tena hiba itolewe katika afya. Zawadi iliyotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia. Haipiti theluthi, na ikiwa ni kwa mrithi inahitaji ridhaa ya warithi wengine.

Mlango wa tatu ni wasia wa mali. Sa'd bin Abi Waqqas (RA) alipougua, alitaka kutoa theluthi mbili ya mali yake, kisha nusu. Mtume (SAW) akamkomesha kwenye theluthi, na akamweleza kwamba hiyo nayo ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wakiwa wanajiweza ni bora kuliko kuwaacha wakiwategemea watu. Mtoto mwenye ulemavu ni mrithi, na mrithi hausiwi. Lakini warithi wote waliobaleghe na wenye akili wakiridhia baada ya kifo, wasia huo unapita kwa jumhuri ya wanazuoni. Mzazi anaweza kuuandika, akawakalisha watoto wake, akawaeleza sababu. Nani kati yao atakayesimama kesho kumnyima ndugu yake asiyejiweza?

Mlango wa nne ni wakf. Umar bin al-Khattab (RA) alipopata ardhi Khaybar alimshauri Mtume (SAW), naye akamwelekeza aizuie asili yake na kutoa mazao yake sadaka. Haikuuzwa, haikurithiwa, haikutolewa zawadi, na miongoni mwa walionufaika walikuwemo jamaa zake. Mtu mwenye nyumba mbili anaweza kuifanya moja wakf. Kodi imlee mtoto mwenye ulemavu maisha yake yote, na akifariki kodi iende kwa mayatima au madrasa. Hakuna ndugu atakayeweza kuiuza.

Hapa ipo historia ya kujifunza. Mwaka 1894 Baraza la Faragha mjini London, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya makoloni ya Waingereza, lilibatilisha wakf wa familia katika kesi iliyotoka India, kwa hoja kwamba sadaka kwa maskini ilikuwa ya mbali mno. Wahindi Waislamu walilalamika mpaka ikatungwa sheria ya kuuhalalisha mwaka 1913. Huku kwetu msimamo ule ule ulitumika katika kesi ya Bakhshuwen iliyotoka Kenya, na hukumu yake ikachapwa mwaka 1952. Mahakimu wasioijua fiqhi waliwafundisha Waislamu maana ya wakf! Lakini tuchukue somo: mwenye kuweka wakf wa familia aandike bayana, kwa majina, sadaka itakayofuata, na ausajili. Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, yenye sheria yake ya mwaka 2007.

HAKI ZA WAZEE KWA SERIKALI

Yote tuliyoyaeleza ni kwa mwenye mali. Je, mzee asiyekuwa na kitu? Hapa wapo ndugu zetu wanaoona aibu. Wanasema Muislamu asiombe serikalini, mzee wake atalishwa na watoto. Ni kweli kwamba wajibu wa kwanza ni wa watoto, na Suratul Israa aya ya 23 na 24 zinatosha kuwa ushahidi. Lakini haki ya mzee katika hazina ya umma si ombaomba.

Abu Yusuf, kadhi mkuu wa zama za Harun al-Rashid, amesimulia katika Kitabul Kharaj kwamba Umar (RA) alimkuta mzee asiyekuwa Muislamu, kipofu, akiomba mlangoni. Alipojua kwamba kinachomtesa ni jizya, haja na uzee, alimpa kitu kutoka nyumbani kwake, kisha akamwagiza mweka hazina amwangalie yeye na mfano wake, na akamwondolea jizya. Na Tabari amesimulia kwamba Khalifa al-Walid bin Abdul Malik, aliyetawala kuanzia mwaka 705 hadi 715 Miladia, aliwapangia wasiojiweza posho ili wasiombe, akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Basi posho ya wazee na walemavu Waislamu tuliijua zamani.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, Ibara ya 11, inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa kumwezesha mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Ni maneno mazuri. Lakini wengi hawajui kwamba Ibara ya 7 ya Katiba hiyo hiyo inasema masharti ya sehemu hiyo hayawezi kudaiwa mahakamani. Kwa hiyo mzee hawezi kwenda kwa hakimu na Ibara ya 11 mkononi. Atasubiri sera, sheria ndogo na bajeti. Ndiyo sababu hali ya mzee inategemea sana anakoishi.

Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016. Kila mzee mkaazi aliyefikisha miaka 70 alipangiwa shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa mvuvi, mkulima au karani, bila kuulizwa kama ni tajiri au maskini. Mwaka 2023 kiwango kilipandishwa hadi shilingi 50,000. Kenya nayo, kuanzia mwaka 2018, iliwapangia wazee wa miaka 70 na zaidi wasiokuwa na pensheni shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi.

Tanzania Bara utaratibu ni mwingine. Mwenye kulipwa kwa mwezi na mfuko wa pensheni ni yule aliyekuwa na ajira na michango, kwa kawaida isiyopungua miezi 180. Mkulima wa Rufiji na mama muuza vitumbua wa Temeke hawamo. Kilichopo ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF, ambao kigezo chake si umri bali umaskini wa kaya, na majina yalipitishwa katika mikutano ya vijiji na mitaa. Kwa upande wa matibabu, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilielekeza wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo, na mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Tunasema nini hapa? Kwanza, haki hizi zinakwenda na karatasi. Mzee asiye na kitambulisho, asiye na cheti cha kuzaliwa, ambaye umri wake ni "mwaka wa njaa ile", atarudishwa. Wazee wengi waliosoma madrasa peke yao wana tatizo hili hasa. Watoto wawashughulikie sasa, wasingoje siku ya kulazwa. Pili, Waislamu tusikimbie mikutano ya mitaa. Majina yanapitishwa pale, na asiyekuwepo hatajwi.

Tatu, tusiseme uongo. Wapo wanaohamisha nyumba kwa jina la mtoto ili mzee aandikwe maskini, huku kodi anakula yeye. Huo ni wizi wa fungu la maskini wa kweli, na mara nyingi huishia kwa mtoto kuiuza nyumba kweli kweli, mzee akabaki nje. Nne, anayempokelea mzee fedha zake ni mwenye amana. Shilingi 50,000 za bibi si nauli ya mjukuu. Siku ya Kiyama atazidai moja moja, na siku hiyo ulimi wake hautakuwa umefungwa.

TUFANYE NINI MWEZI HUU?

Amepokea Ibn Umar (RA) kwamba Mtume (SAW) amefundisha kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia haimpasi kulala siku mbili isipokuwa wasia wake umeandikwa. Siku mbili tu, ndugu zangu! Sisi tunalala miaka 20. Basi tunashauri haya.

Kwanza, andika mali zako na madeni yako, unayodai na unayodaiwa, kwenye daftari moja, na umwambie mtu mmoja lilipo.

Pili, andika wasia mbele ya mashahidi wawili waadilifu. Utamke humo kwamba wewe ni Muislamu, umeishi Kiislamu, na unataka mirathi yako igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Kwa Bara hili lina uzito, kwa kuwa mirathi zetu nyingi hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na mahakama hutazama maisha ya marehemu yalikuwaje kabla ya kuamua sheria ya kufuata. Wasia unaweza kuhifadhiwa kwa RITA, kwa wakili, au kwa mtu mwaminifu.

Tatu, kama una mtoto mdogo au asiyejiweza, mtaje kwa jina, mtaje wasii wake kwa jina, na mtaje mkaguzi. Usimsahau mama yake.

Nne, nenda katika mfuko wako wa pensheni uhakikishe wategemezi wako wameandikwa sawasawa. Wapo waliofariki na mke aliyeandikwa ni yule aliyeachwa miaka mingi nyuma.

Tano, wakusanye watoto uwasomee. Wasia wa siri uliofungwa kwenye sanduku huleta mshangao, na mshangao huleta kesi.

Sita, misikiti yetu iwe na kamati ndogo ya jambo hili: mtu mmoja mjuzi wa faraidhi, mwanasheria mmoja, na kijana mmoja wa kufuatilia vitambulisho vya wazee. Hatuhitaji mfadhili kutoka nje kwa kazi hii. Siku moja kwa mwezi baada ya Ijumaa inatosha.

Ama yule mama, Imamu alimwelekeza aende mahakamani kuomba asimamie fungu la mwanawe, na wazee wawili wa msikiti wamekubali kuwa mashahidi wake na kukagua hesabu zake kila mwaka. Ami zake kijana, baada ya kusomewa aya ya 282 na kuelezwa kwamba uwalii ni mzigo wa hesabu wala si fungu la mirathi, hawakupinga tena. Mmoja wao alisema maneno ambayo tunapenda kuyafungia makala hii: alikwenda nyumbani usiku ule ule, akachukua daftari, akaandika wasia wake.

Tunamuomba Allah (SW) atuhifadhie akili zetu, awarehemu wazee wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, na atujaalie kuwa waadilifu kwa wale wasioweza kujisemea.

Wabillahi Tawfiq.